Kihimizi, Kipokezi na Mlowezi: Istilahi za Kuenea kwa Saratani ya Mirija ya Nyongo

Katika makala haya tunakusudia kueleza istilahi chache zinazohusu jinsi saratani ya mirija ya nyongo inavyoenea mwilini, na hasa zile zinazohusu protini ambazo seli hutumia kuamrishana zikue, zihame au zitulie. Huenda msomaji akajiuliza kwa nini tumechagua ugonjwa usiotajwa sana, ilhali saratani za matiti na za shingo ya kizazi ndizo zinazozungumzwa kila siku. Sababu yetu ni kwamba katika ugonjwa huu ndipo maneno yaliyozoeleka yanaposhindwa waziwazi. Tuliletewa, ili tukipitie, kijitabu cha maelezo kwa wagonjwa kilichotafsiriwa kutoka lugha ya kigeni. Humo mlikuwa na sentensi isemayo kwamba dawa fulani "huzuia mpokeaji wa sababu za kukua". Mgonjwa aliyekusudiwa kuisoma sentensi hiyo alitakiwa, katika ukurasa wa mwisho, atie sahihi kwamba ameelewa.

Tuanze na nyongo yenyewe. Katika Kiswahili cha kila siku neno hili hutaja mambo mawili kwa pamoja: maji machungu yenye rangi ya kijani na manjano, na kifuko kinachoyahifadhi. Mchinjaji aliyetumbua nyongo akaharibu nyama amepasua kifuko. Mtu atapikaye nyongo anatoa maji. Kwa mpishi na mchinjaji mchanganyiko huu hauna madhara, lakini kwa daktari una madhara. Hivyo tunapendekeza *nyongo* libaki kwa maji, na *kifuko cha nyongo* litumike kwa chombo. Ama njia zinazoyachukua maji hayo kutoka ndani ya ini hadi kwenye utumbo mwembamba, wapo wanaoziita mifereji na wapo wanaoziita mirija. Sisi tunapendelea *mirija*. Mfereji, kwa asili yake, huchimbwa ardhini na huwa wazi juu. Mrija ni kitu kilichofungika pande zote, kama unyasi ulio na uwazi ndani, nao unaweza kuziba. Na kuziba ndiko kunakomleta mgonjwa hospitali.

Mrija ukiziba, nyongo hurudi nyuma na kuingia katika damu. Macho na ngozi hugeuka manjano, mkojo huwa mweusi kama chai iliyokolea, choo hupauka, na mwili huwasha. Hapa kuna mtego mwingine wa lugha. Watu wengi husema mgonjwa huyo ana "homa ya manjano", na jina hilo tayari ni mali ya ugonjwa mwingine kabisa, uletwao na virusi na kuenezwa na mbu. Wapo pia waandishi waliotaka kulifufua neno *safura*, kwa kuwa asili yake ya Kiarabu inahusu rangi ya manjano na nyongo. Rai hiyo ina mvuto kwa mpenda lugha, lakini safura katika Kiswahili limekwisha kukaa kwa ugonjwa wa minyoo unaompunguzia mtu damu, na haifai kumhamisha mwenye nyumba ili kumridhisha babu yake. *Umanjano* latosha.

Saratani tunayoizungumzia huanza katika seli zilizotandikwa upande wa ndani wa mirija hiyo. Yaweza kuanza ndani ya ini, yaweza kuanza mlangoni mwa ini ambapo mirija miwili mikubwa hukutana, na yaweza kuanza chini zaidi, karibu na kongosho. Inapoanza ndani ya ini, watu huiita saratani ya ini, na si kosa lao. Lakini mwandishi wa mambo ya tiba hana ruhusa ya kuichanganya na ile itokanayo na seli za ini lenyewe, maana matibabu ni mbalimbali.

Ugonjwa huu hautokei kwa kiasi kimoja duniani. Mahali unapoonekana kwa wingi kupita pote ni kaskazini-mashariki ya Thailand, ambako watu wa mashambani wamezoea tangu zamani kula samaki wabichi wa maji baridi. Ndani ya samaki hao hukaa viluwiluwi vya mnyoo bapa wa ini aitwaye Opisthorchis viverrini, ambaye akishaingia mwilini hupanda katika mirija ya nyongo na kuishi humo miaka mingi. Mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilimweka mnyoo huyu katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa vya saratani kwa binadamu. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba kazi yake ni kuukwaruza mrija tu na kuufanya uvimbe. Lakini mwaka 2009 watafiti walieleza kwamba mnyoo huyu hutoa protini inayofanana na ile ya binadamu iitwayo granulini, na protini hiyo huzifanya seli za mrija zizaane. Yaani mgeni huyu amejifunza lugha ya mwenyeji wake, na huziamuru seli zisizo zake.

Amri za namna hiyo ndizo kiini cha makala haya. Katika lugha za kigeni protini hizi zimepewa jina ambalo, likichambuliwa, lina neno moja lenye maana ya "kukua" na jingine lenye maana ya "jambo fulani linalosababisha". Jina hilo ni la watu waliokuwa bado hawajui wameshika nini. Rita Levi-Montalcini na Stanley Cohen, waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1986 kwa ugunduzi wao, walianza kwa kuona matokeo kabla ya kukiona kitu chenyewe. Cohen aliwadunga vitoto vya panya dondoo la tezi za mate, akaona macho yao yanafumbuka siku kadhaa kabla ya wakati wake na meno yanachomoza mapema. Kulikuwa na "jambo" ndani ya dondoo hilo, nalo lilikuza; basi likaitwa hivyo. Mfasiri anayeandika "sababu za kukua" anatafsiri mashaka ya watafiti wa miaka ya 1950 na kumkabidhi mgonjwa wa leo.

Waliokwisha kuiona kasoro hiyo wamependekeza *kichocheo cha ukuaji*. Tunalikataa pendekezo hili kwa sababu mbili. Kwanza, kichocheo limechoka. Limetumika kwa homoni, limetumika katika kemia kwa kitu kiharakishacho badiliko, na limetumika katika uchumi kwa chochote kinachomtia mkulima ari. Pili, msomaji atakapoona "kichocheo cha ukuaji" atafikiri ni homoni ya ukuaji, ile itokayo katika tezi iliyo chini ya ubongo na kumrefusha mtoto. Hivi ni vitu viwili. Homoni husafiri na damu kutoka tezi moja kwenda mbali. Protini tunazozisema aghalabu hutolewa na seli moja na kupokewa na jirani yake, au hata na seli iyo hiyo iliyoitoa.

Pendekezo la *kikuza seli* ni zuri zaidi, kwani lafuata mfano wa kikuza sauti, na kwa muda tulielekea kulikubali. Lakini tulipozichunguza protini zenyewe moja moja tuliona kwamba neno "kukuza" lapotosha. Mfano ulio bora ni huu. Mwaka 1984 Nakamura na wenzake huko Japani walieleza protini inayozifanya seli za ini zizaane, nayo ikapewa jina linalohusu kukua kwa seli za ini. Miaka michache baadaye, Stoker na wenzake huko Cambridge walieleza protini nyingine ambayo haikuzizalisha seli, bali ilizifanya ziachane mikono, zitawanyike, na kila moja ishike njia yake. Hiyo wakaiita kwa jina lenye maana ya kitawanyi. Kufika mwaka 1991 ikadhihirika kwamba ilikuwa protini moja. Kikuzi wa Japani na kitawanyi wa Uingereza walikuwa mtu mmoja aliyeandikishwa katika vitabu viwili. Na katika saratani ya mirija ya nyongo kazi inayotisha ni ile ya pili: seli zilizokuwa zimeshikamana kama matofali ya ukuta huachiana, hubadili umbo, na kupenya katika nyama iliyo jirani.

Mfano wa pili ni mkali zaidi. Ipo protini maarufu ambayo jina lake la kigeni lasema kwamba yakuza na yageuza, na kwa kifupi huandikwa TGF-beta. Mwaka 1984 iligunduliwa kwamba protini hiyo hiyo huzizuia seli za utando zisizaane. Uvimbe ukiwa mchanga, TGF-beta huwa ni breki. Seli za saratani zikishajifunza kuipuuza breki hiyo, protini hiyo huzisaidia kuachana na kuhama. Tukiiita "kikuza" tutakuwa tumesema uongo mara ya kwanza na nusu ya ukweli mara ya pili.

Kwa hiyo tunapendekeza *kihimizi*, kwa wingi *vihimizi*, kutokana na kitenzi himiza. Neno hili halisemi seli inahimizwa kufanya nini. Yaweza kuhimizwa ikue, yaweza kuhimizwa ihame, yaweza kuhimizwa itengeneze mishipa, na yaweza kuhimizwa itulie. Sifa ya kazi itaongezwa pale tu inapojulikana: *kihimizi cha mishipa ya damu*, *kihimizi cha neva*, *kihimizi cha seli za ini*. Umbo la neno nalo si geni, kwani ni ndugu wa kiongozi, kizuizi na kipokezi. Tunafahamu kwamba wapo watakaosema himiza ni kitenzi cha viongozi katika mikutano ya hadhara. Hilo twalikubali, wala halituudhi.

Ama *kipokezi*, neno hili limekwisha kupata makazi na tunalithibitisha. Kilichomo katika kijitabu tulichokitaja, yaani "mpokeaji", chamfanya msomaji afikirie mtu akaaye mezani mlangoni pa hospitali. Kipokezi ni protini iliyopenya utando wa seli kutoka upande mmoja hadi wa pili, kichwa chake kikiwa nje na mkia wake ndani. Kihimizi kikijishikiza kwenye kichwa, vipokezi viwili husogeleana na kuwa jozi, na mikia yao hubandikana chembe za fosfeti mahali penye asidi-amino iitwayo tirosini. Alama hizo za fosfeti ndizo zinazosomwa na protini nyingine zilizomo ndani ya seli, kila moja ikiipa inayofuata, mpaka habari ifike kwenye kiini ambamo jeni hukaa. Kwa shughuli hii yote tunapendekeza *mpokezano wa ishara*. Wengine wamependekeza "upelekaji wa ishara", lakini hakuna anayeipeleka ishara kutoka mwanzo hadi mwisho. Hupokezanwa, kama watu waliopanga mstari kutoka kisimani hadi kwenye nyumba iwakayo moto, wakipeana ndoo mkono kwa mkono. Mfano huu una faida ya ziada: ukimwondoa mtu mmoja mstarini, ndoo yaweza kupitishwa upande mwingine, na ndivyo saratani ifanyavyo. Ndiyo maana jaribio la tiba lililochapishwa mwaka 2014, ambamo wagonjwa wa saratani ya njia za nyongo waliongezewa kingamwili ya kukifunika kipokezi cha EGF juu ya dawa za kawaida, halikuonyesha faida iliyotarajiwa.

Hata hivyo kipokezi nacho kina kisa kinacholitia neno hilo katika mtihani. Katika wagonjwa wapatao 10 hadi 15 kwa kila 100 ambao saratani yao imeanza ndani ya ini, hukutwa kwamba jeni ya kipokezi kiitwacho FGFR2 imekatika na kuungwa na kipande cha jeni nyingine. Jambo hili limejulikana tangu mwaka 2013 au karibu yake, na huonekana zaidi kwa wagonjwa wasiokuwa na mnyoo bapa. Kile kipande cha kigeni huvifanya vipokezi vishikane viwili viwili bila ya kungoja kihimizi chochote. Basi kipokezi chapeleka ishara ambayo hakikuipokea. Je, kiitwe bado kipokezi? Kamati ya istilahi yaweza kubishana siku nzima. Rai yetu ni kwamba jina libaki, kwa maana karani anayeghushi barua hakomi kuitwa karani; lakini aongezewe sifa: *kipokezi kiungwa*.

Mwezi wa Aprili 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha dawa iitwayo pemigatinib kwa wagonjwa wenye kipokezi kiungwa cha namna hii, ambao matibabu ya awali yalikuwa yameshindwa. Katika jaribio lililotangulia idhini hiyo, wagonjwa 107 wa aina hiyo walipewa dawa, na uvimbe ulipungua kwa kiasi kinachohesabika kitaalamu kwa takriban 36 katika kila 100. Kwa wengi wao ugonjwa hatimaye hurudi, kwa kuwa kipokezi hubadilika umbo mahali dawa inaposhikia.

Sasa msomaji atazame jambo hili. Madhara yanayotokea mara nyingi kuliko yote kwa watumiaji wa dawa hiyo ni kuongezeka kwa fosfeti katika damu. Muuguzi atamweleza mgonjwa apunguze baadhi ya vyakula na atumie dawa ya kuifunga fosfeti. Mgonjwa atauliza, na ana haki ya kuuliza: dawa ya kuzuia uvimbe usikue yahusiana vipi na fosfeti? Akitegemea jina la kigeni la protini hizi, muuguzi hana jibu. Jibu ni kwamba mojawapo ya vihimizi vya ukoo huo, kijulikanacho kama FGF23, hutolewa na mifupa, nacho hakikuzi kitu. Huzihimiza figo zitoe fosfeti katika mkojo. Dawa inapoviziba vipokezi vya saratani, huviziba pia vile vinavyohudumia figo, na fosfeti hubaki katika damu. Mtu aliyefundishwa "kihimizi" hulielewa jambo hili mara moja.

Sentensi ya kijitabu, basi, tuliirudisha hivi: "Seli za mwili hupokea maagizo kutoka kwa protini ziitwazo vihimizi, kwa njia ya vipokezi vilivyo juu yake. Katika ugonjwa wako, aina moja ya kipokezi inatoa maagizo bila ya kuagizwa. Dawa hii hukizuia kipokezi hicho." Imekuwa sentensi tatu mahali pa moja, na mchapishaji alilalamikia nafasi.

Tumebakiwa na neno la kuenea kwenyewe. Kiswahili kina maneno mengi hapa, na wingi huo umeleta uvivu: kuenea, kusambaa, kutapakaa, kuhamia, yote hutumika ovyo. Daktari anatofautisha mambo mawili. La kwanza ni saratani kuingia katika nyama iliyo jirani nayo. Hilo tunaliita *kupenya*. Saratani ya mlangoni mwa ini ina tabia ya kupenya kwa kufuata neva, nayo imeonekana mara kadhaa kuwa na kihimizi cha neva kwa wingi, kile kile alichokigundua Levi-Montalcini. Jambo la pili ni seli kujitenga, kusafiri kwa damu au kwa limfu, na kuanzisha uvimbe mpya mbali na wa kwanza. Kwa hilo wamependekeza "uhamiaji", na tunakiri kwamba tuliposikia hivyo tulikumbuka pasipoti.

Kitenzi kinachofaa tunacho, nacho ni *lowea*: kufika katika nchi isiyo yako ukafanya maskani humo. Kuhama peke yake hakutoshi. Isaiah Fidler alionyesha kwa panya mwaka 1970 kwamba katika seli za saratani zilizotiwa ndani ya damu, chini ya moja katika kila mia ilikuwa hai baada ya saa 24. Wasafiri ni wengi; waloweao ni wachache, na hao wachache ndio wanaoua. Uvimbe mpya huo tunauita *mlowezi*, na tendo lenyewe *ulowezi wa saratani*. Ndiyo, neno hili limebeba kumbukumbu ya mashamba yaliyonyang'anywa. Kwa maoni yetu kumbukumbu hiyo yalisaidia neno, kwani mlowezi wa saratani naye hakaribishwi, hutwaa ardhi, na huwatumikisha wenyeji.

Kuwatumikisha wenyeji si tamathali tu. Uvimbe wa mirija ya nyongo huwa mgumu kuushika, kwa sababu sehemu yake kubwa si seli za saratani bali ni nyuzi zilizofumwa na seli za kawaida za mwili, ambazo tunaziita *seli fumaji*. Saratani hutoa kihimizi kiitwacho PDGF-D, kikaziita seli fumaji zije. Zikishafika, nazo hutoa vihimizi vyao: kimoja huziamsha seli za saratani kwa njia ya kipokezi cha EGF, na kingine huhimiza mishipa ya limfu ichipue karibu na uvimbe. Kwa mishipa hiyo seli husafiri hadi kwenye tezi za limfu, ambazo zikivimba twaziita mitoki. Hivyo ishara haziendi upande mmoja, bali huitikiana, na mtu akiuliza ni nani aliyemhimiza mwenzake kwanza, si rahisi kumjibu.

Neno moja halijapata suluhisho. Vimeng'enya vinavyobandika fosfeti huitwa katika lugha za kigeni kwa jina ambalo kwa matamshi yetu lingekuwa *kinasi*. Baadhi ya wajumbe wanalikubali; wengine wanahofu kwamba msomaji atalidhania limetokana na nasa, kama kinasa sauti, na kufikiri kwamba kazi yake ni kushika badala ya kubandika. Limependekezwa *kibandika fosfeti*, ambalo ni wazi lakini refu mno kwa jedwali. Madaktari, wauguzi na walimu wa biolojia wanaotumia neno jingine lolote wodini au darasani na watuandikie kabla ya kikao kijacho cha kamati, wakitaja mahali linapotumika na sentensi mbili au tatu walizolitumia.